Mgonjwa wa Parkinson Akiganda, Msimvute

Kila inapokaribia Aprili 11, Siku ya Parkinson Duniani, ndugu wa wagonjwa wa maradhi haya ya ubongo yanayovuruga mwendo huja kliniki ya fizioterapia hapa Dodoma na lalamiko lilelile: mzee anatembea vizuri sebuleni, akifika mlangoni anagoma. Hagomi. Ubongo ndio uliokwama kutoa amri ya hatua inayofuata, na mwenyewe huhisi nyayo zimenaswa na gundi sakafuni. Huko ndiko kuganda. Kwa kawaida hudumu sekunde chache, wakati mwingine dakika. Si ukaidi, si uvivu, wala si jambo la kupeleka kwa mganga. Hili tumelisema mara nyingi.

Kuganda hutokea zaidi pale mwendo unapobadilika: kuanza kutembea, kugeuka, kupita mlangoni, kukaribia kiti. Haraka na hofu huzidisha. Nendeni kituo cha daladala muone: mama amefika mlangoni mwa gari, konda anapiga bodi, "Twende mama, twende!", abiria wanasukuma, mguu haunyanyuki. Mwanawe, kwa nia njema, anamshika mkono na kumvuta. Kiwiliwili kinakwenda, miguu inabaki, mama anaanguka. Kwa umri ule, nyonga ikivunjika ni habari nyingine kabisa.

Anachotakiwa ni kusimama kabisa. Avute pumzi, anyooshe mgongo, ahamishe uzito mguu wa kushoto, kisha wa kulia, mara kadhaa, halafu apige hatua moja kubwa, kisigino kikitangulia kugusa chini. Wewe simama pembeni yake, na unyamaze. Watu watano wakimwelekeza kwa pamoja wanamgandisha zaidi.

Mara nyingi mguu uliokataa hukubali mdundo au alama ya kuonekana. Ahesabu "moja, mbili", aimbe kimoyomoyo wimbo wa kwaya, au afuate mdundo wa muheme, ngoma ya Wagogo, kama ndio aliokulia. Sakafuni bandikeni vipande vya tepu ya rangi inayoonekana, vikikatiza njia, kila kimoja hatua moja kutoka kwa mwenzake, kuanzia kabla ya mlango hadi baada yake. Kwenye saruji hata chaki inatosha. Kazi ya mgonjwa ni kuvuka mstari. Akigeuka, azunguke kwa upana, asijisokote papo hapo. Simu ikiita, asimame kwanza ndipo apokee. Na ile meza ya kioo katikati ya makochi, jamani, iondoeni.

Sasa dawa. Kuganda kwingi huja levodopa, dawa kuu ya Parkinson, inapoishiwa nguvu kabla ya dozi inayofuata, na huko daktari anaweza kusaidia kwa kupanga upya saa za dozi. Kwa hiyo andikeni saa aliyomeza, saa aliyokula na saa aliyoganda. Kwa kawaida levodopa humezwa nusu saa kabla ya mlo, kwa sababu nyama, maharage na maziwa vinaweza kupunguza kiasi kinachoingia mwilini. Ikimletea kichefuchefu, amwone daktari kabla ya kubadili chochote. Isikatishwe ghafla kwa sababu yoyote, inaweza kuhatarisha maisha. Ni dawa ya cheti, na cheti cha jirani si chake.

Anayetoka Bahi, Kongwa au Mpwapwa aanzie kituo cha afya cha karibu, apewe fomu ya rufaa. Hakikisheni jina limeandikwa kama lilivyo kwenye kadi ya bima, na fomu ina sahihi na mhuri. Vinginevyo mtazungushwa dirishani bure. Njooni na maboksi ya dawa zote anazotumia, zikiwemo za kuzuia kutapika na za magonjwa ya akili, kwani baadhi, kama metoklopramidi na haloperidoli, huzidisha dalili. Njooni pia na video ya simu inayomwonyesha akiganda nyumbani, maana wengi wakifika mbele ya daktari hutembea bila shida. Anayerekodi asiwe ndiye anayemlinda asianguke. Wawe watu wawili.