Bili ya wingu kwa kampuni changa: pesa inapotelea wapi

Kampuni changa nyingi za programu huanza na salio la bure la huduma za wingu, yaani seva na hifadhi za kukodi mtandaoni. AWS (wingu la Amazon), Google na Microsoft wote hulitoa, na salio hilo lina tarehe yake ya mwisho. Kabla ya tarehe hiyo hakuna anayefungua bili, kwa sababu inasoma sifuri, na mfumo mzima hujengwa katika kipindi hicho hicho. Salio linapokwisha bili huja kwa dola. Shilingi ya Kenya ilianza mwaka 2023 ikiwa kama 123 kwa dola, na Januari 2024 ilipita 160. Mfumo uleule wa dola 1,000 kwa mwezi ulipanda kutoka takribani 123,000 hadi 160,000 bila mteja hata mmoja kuongezeka.

Kwa mtazamo wangu, kinachoimeza kampuni ya watu watano mara nyingi si seva inayoendesha programu. Ni vifaa vilivyopangwa kuizunguka, vilivyowekwa kwa kuwa kampuni kubwa wanavyo, au kwa kuwa mwongozo wa mtandaoni ulisema hivyo ndivyo "mfumo wa kitaalamu" unavyokuwa.

Tuchukue mpangilio wa kawaida unaonakiliwa kwenye AWS. Bei ninazotaja ni za kanda (kundi la vituo vya seva) ya Virginia. Cape Town ni ghali zaidi. Programu imewekwa kwenye Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu kwenye mashine nyingi), ndani ya mtandao wa faragha uliosambazwa kwenye maeneo matatu ya kanda hiyo, na kila eneo lina NAT Gateway yake, lango la mashine za faragha kutoka kwenda intaneti. NAT Gateway moja hulipiwa dola 0.045 kwa saa, kama dola 33 kwa mwezi. Tatu ni dola 99. Usimamizi wa Kubernetes kupitia EKS, huduma ya AWS, ni dola 0.10 kwa saa, yaani 73. Kisawazisha mzigo, kinachogawa maombi ya wateja kwa mashine, ni kama 16. Tangu Februari 2024 kila anwani ya intaneti ya umma ya aina ya IPv4 inalipiwa dola 0.005 kwa saa, na mpangilio huu unatumia sita: tatu za NAT na tatu za kisawazisha mzigo. Hizo ni 22 nyingine. Jumla inafika kama dola 210 kwa mwezi, na bado hakuna seva hata moja iliyowashwa wala hifadhidata.

NAT Gateway inastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu ina bei ya pili: dola 0.045 kwa kila gigabaiti inayopita. Programu ikisoma na kuandika faili za S3 (hifadhi ya faili ya AWS) kupitia humo, unalipia njia ambayo ungeweza kuipata bure. Dawa yake ni kuweka "gateway endpoint" ya S3, yaani njia ya ndani ya kuifikia, kwenye VPC (mtandao wako wa faragha) na kuiunganisha na jedwali la njia la kila mtandao mdogo, linaloamua data ipite wapi. Haina malipo. Wengi huiweka na kusahau jedwali moja kati ya matatu, kisha wanashangaa bili haijashuka. Vifurushi vya kontena, yaani programu iliyofungwa pamoja na mahitaji yake, vinavyopakuliwa upya kila programu inapotolewa navyo hupita hapo hapo. Kifurushi cha gigabaiti 1.5 kikipakuliwa na mashine sita mara kumi kwa siku ni gigabaiti 90 kila siku, takribani dola 120 kwa mwezi kwa kazi isiyoonwa na mteja yeyote.

Kwa kampuni changa napendekeza kitu kidogo sana: mashine moja au mbili zenye anwani ya umma, ukuta wa usalama ulioruhusu mlango wa 443 tu (wa tovuti salama), mlango wa 22 (wa kuingilia seva kwa mbali) umefungwa na wahandisi wanaingia kwa Session Manager, huduma ya AWS isiyohitaji mlango huo. Hifadhidata inabaki kwenye mtandao wa faragha. Yenyewe haianzishi mawasiliano ya kwenda nje, kwa hiyo haihitaji NAT kabisa. Programu iwe moja, isivunjwe vipande kumi na viwili vinavyoitana kwenye mtandao. Data ikivuka kutoka eneo moja kwenda jingine inatozwa dola 0.01 kwa gigabaiti kila upande, na huduma ndogondogo zinazozungumza mchana kutwa huigeuza senti hiyo kuwa mstari mrefu kwenye bili.

Netflix ndio mfano unaotajwa kila mara kutetea mifumo mikubwa ya vipande vingi. Walianza kuhamia wingu baada ya hifadhidata yao kuharibika Agosti 2008 wakashindwa kusafirisha DVD kwa siku tatu, na walimaliza Januari 2016. Walikuwa wakitatua tatizo la kampuni yenye mamilioni ya wateja, na kazi iliwachukua zaidi ya miaka saba. Amazon wenyewe, katika kitengo cha Prime Video, walieleza mwaka 2023 jinsi walivyoitoa huduma ya kukagua ubora wa video kwenye vipande vilivyotawanyika wakaiweka pamoja, na gharama ya huduma hiyo ikashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Mwekezaji akiuliza kwa nini mfumo wako ni mwepesi, hilo ni jibu la kutosha.

Mashine za AWS za aina ya T3 zina mtego unaowanasa wengi. Huuzwa kwa bei nafuu kwa sharti kwamba hazitumii nguvu zote muda wote: t3.medium, kwa mfano, imepangiwa asilimia 20 ya kila kichakato kati ya viwili. Lakini T3 huwashwa zikiwa kwenye hali isiyo na kikomo, ambapo ziada inatozwa dola 0.05 kwa kila kichakato kwa saa. Ikienda asilimia 100 saa zote, ziada ni vichakato 1.6, yaani dola 0.08 kwa saa juu ya bei yake ya 0.0416. Umelipa karibu mara tatu. Mzigo ukiwa wa kudumu namna hiyo, hamia aina ya M au C, zisizo na kikomo hicho.

Kumbukumbu za mfumo, yaani maandishi ya kila kinachotokea ndani yake, nazo hula kimyakimya. CloudWatch, huduma ya AWS inayozikusanya, hutoza dola 0.50 kwa kila gigabaiti inayoingia, na isipoelekezwa hutunza kila kitu milele. Programu iliyoachwa ikiandika kila hatua kwa ajili ya kusaka hitilafu inaweza kutoa gigabaiti 10 kwa siku bila shida, na hiyo ni dola 150 kwa mwezi. Punguza kiwango cha uandishi kwenye mfumo wa wateja, kisha weka muda wa kuhifadhi, siku 14 au 30, kwenye kila kundi la kumbukumbu. Diski za AWS za aina ya zamani, gp2, zibadilishe ziwe gp3, maana unashusha kutoka dola 0.10 hadi 0.08 kwa gigabaiti bila kuzima mashine.

Picha za bidhaa zilizopigwa kwa simu na kupandishwa zilivyo, megabaiti 3 kila moja, zikitazamwa mara 100,000 ni gigabaiti 300 zinazotoka nje. Zaidi ya 100 za bure, kutoka Virginia utalipa kama dola 18, na kutoka Cape Town, inakotozwa dola 0.154 kwa gigabaiti, kama 31. Zipunguze ziwe WebP (muundo mwepesi wa picha) za kilobaiti 200 na uzipitishe CloudFront, mtandao wa AWS wa kusambaza faili, ambayo terabaiti ya kwanza kila mwezi ni bure. Mteja wako anayenunua bando la siku naye atakushukuru.

Kuhusu kanda, watu hutazama ramani wakachagua Cape Town kwa kuwa iko Afrika. Pima kwanza, kutoka mitandao ya simu ambayo wateja wako wanaitumia kweli. Data hufuata nyaya, na nyaya hukatika: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na nchi jirani. Popote utakapokuwa, malipo ya simu yaandikwe kwa namba ya muamala isiyojirudia, na programu iwe na kazi ya kuuliza hali ya kila muamala uliokaa bila jibu. Ujumbe wa uthibitisho ukipotea njiani, mteja amekatwa pesa na mfumo wako haujui.

Mazingira ya majaribio yazime usiku na wikendi. Wiki ina saa 168. Ukiyahitaji saa 50 tu, umeokoa asilimia 70 ya bei ya mashine. Diski zinaendelea kulipiwa hata mashine ikiwa imezimwa. Na hifadhidata ya RDS (huduma ya hifadhidata ya AWS) uliyoizima hujiwasha yenyewe baada ya siku saba, kwa hiyo ratiba ya kuizima iwe ya kila siku. Ukiizima mara moja kwa mkono, wiki ijayo inakula tena.