Zhengnian: umakinifu kwa familia za Kichina zinazouguza wazee

Zhengnian (tamka jeng-nyen) ni neno la Kichina la kuituliza akili pale mtu alipo, akiona kinachompitia bila kujihukumu. Herufi yake ya pili ina alama mbili zilizopandana: juu "sasa", chini "moyo". Mswahili hapotei hapo, kwani nasi husema fulani yupo lakini moyo wake haupo.

Asili ya neno ni mafundisho ya Kibudha. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, aliyachukua mazoezi yake, akayavua vazi la dini na kuyafanya kozi ya hospitali: wiki 8, kikao cha saa mbili na nusu kila wiki, pamoja na takriban dakika 45 za mazoezi nyumbani kila siku. Si ibada. Tatizo ni hizo dakika 45: anayemgeuza baba kitandani usiku kucha atazitoa wapi?

Na mzee aliyedhoofu si lazima awe na ugonjwa wenye jina. Kipimo cha udhaifu wa uzeeni cha daktari Linda Fried na wenzake cha mwaka 2001 hutazama mambo matano: kupungua uzito bila kukusudia, uchovu, mkono usioshika kwa nguvu, mwendo wa taratibu na kujishughulisha kidogo. Akiwa nayo matatu, amedhoofu. Kuuguza kwa namna hiyo hakuna tarehe ya kuisha, na China sera ya mtoto mmoja, iliyodumu hadi 2015, imewaacha wengi bila ndugu wa kupokezana naye zamu.

Juu ya uchovu huo kuna xiao, wajibu wa mtoto kwa wazazi. Mama anauliza swali lile lile mara ya kumi, binti anakasirika, kisha anaona haya kwa kukasirika. Hiyo haya ndiyo inayochosha kuliko swali lenyewe. Zoezi halimwambii asikasirike. Linamwambia aseme kimoyomoyo "hasira ipo, taya limekaza", na aishie hapo kabla hajafika kwenye "mimi ni mtoto mbaya".

Zoezi linalowafaa ni la dakika tatu, mlangoni kabla ya kuingia kwa mzee. Dakika ya kwanza jiulize: nawaza nini, nahisi nini, mwili ukoje? Ya pili fuata pumzi tumboni. Ya tatu panua usikivu uenee mwili mzima hadi nyayo sakafuni, ndipo ufungue mlango.

Mengine hufanyika ndani ya kazi yenyewe. Chukua ulishaji wa uji wa mchele. Mzee akae wima, nawe ukae macho yenu yakilingana. Kijiko kisijae. Tazama koo: lipande, lishuke, ndipo kijiko kingine kifuate. Mwenye haraka huongeza kijiko kabla cha kwanza hakijamezwa, uji ukaingia njia ya hewa, na nimonia hufuata. Akimaliza, abaki wima kama nusu saa. Hapa umakini unalinda mapafu ya mzee sawa na moyo wa mlezi.

Katika vikundi vya walezi wanaojifunza mazoezi haya, kikwazo cha kwanza ni kimya. Wachina wana msemo kwamba aibu ya nyumba haitolewi nje, kwa hiyo mkamwana hatasimulia ugomvi wake na mama mkwe katika kikao cha kwanza. Mwezeshaji mwerevu huuliza juu ya mwili: mabega yakoje leo? Hilo kila mtu hulijibu.

Wengine husinzia katika zoezi la kulala chali na kuukagua mwili kiungo kwa kiungo. Waacheni walale, wamekosa usingizi. Zoezi lihamie kitini, macho wazi. Anayebanwa kifua kila akifumba macho naye ayafumbue, aegemeze usikivu kwenye sauti za nje au mikononi badala ya pumzi. Akiendelea kuteseka, aache na amwone daktari.

Kosa baya zaidi hufanywa na ndugu: wakiona dada katulia, humwachia mzigo wote. Ndiyo maana ni vizuri kikao kimoja kiwaite na kaka wanaoishi mbali, karatasi iwe mezani, yaandikwe majina na usiku ambao kila mmoja atakesha.