Je, wajua kwa nini mkwaju wa bonsai, yaani mti unaokuzwa chunguni ubaki mdogo, haurefuki kama wa porini?

Mkwaju wa porini Tabora hufikia mita 20. Mbegu yake ileile ikikuzwa kwenye chungu chenye kina cha sentimita sita, mti unaweza kubaki na urefu wa mkono kwa miaka mingi, huku gome likipasuka kama la mti mzee. Wengi hudhani umenyimwa chakula. Sivyo kabisa. Upo msonobari wa bonsai ambao Marekani ilipewa zawadi na Japani mwaka 1976. Umetunzwa tangu 1625, na mti wenye njaa hauishi hivyo. Bonsai hunyweshwa, hutiwa mbolea na huota jua. Kinachoudhibiti ni mkasi, juu na chini. Mkwaju huo ukipandwa ardhini, utarefuka kama mikwaju mingine.

Juu, ncha ya tawi hutoa homoni ya oksini, inayozuia macho ya pembeni yasichipue. Ncha ikikatwa, macho huamka na tawi moja huzaa mawili. Chipukizi likifikisha majani sita hadi nane, lirudishe hadi mawili, ukikata juu kidogo ya jicho linalotazama upande unaoutaka.

Chini ndiko kwenye kazi. Kila baada ya miaka miwili hivi, mvua za Novemba zinapokaribia, mti hung'olewa chunguni. Anza kufupisha mzizi mkuu. Chunguni hauna maji ya mbali ya kufuata, mizizi laini ndiyo inayolisha. Usipunguze zaidi ya theluthi ya mizizi yote. Hapa mtu mmoja hatoshi, maana mizizi iliyo wazi hukauka upesi. Kwenye kikundi, mmoja hushika shina na kunyunyiza maji, mwingine hukata, wa tatu huchekecha udongo: mchanga mnene wa mtoni sehemu mbili, matofali ya kuchoma yaliyopondwa sehemu moja, mboji sehemu moja. Vumbi la tofali lioshwe lote, la sivyo huziba nafasi za hewa na mizizi huoza. Kisha mti ukae kivulini wiki mbili au tatu, na mbolea isubiri mwezi.

Kupinda matawi, tumieni waya wa shaba wa umeme uliomenywa. Uchomeni hadi uwe mwekundu, uacheni upoe: utakuwa laini kama kamba, nao hukakamaa tena unapopindwa. Uzungushwe kwa mshazari tawi likiwa bado kijani, kwa kuwa lililokomaa huvunjika. Masika tawi hunenepa haraka, kwa hiyo kagueni kila wiki. Waya ukianza kuuma gome, ukateni vipande kwa koleo. Mkiufungua kwa kuuzungusha, tawi litakwenda nao.

Septemba na Oktoba chungu kifupi hukauka kwa siku moja. Chomeka kijiti cha mshikaki kwenye udongo: kikitoka kikavu, zamisha chungu kwenye ndoo hadi mapovu yakome. Na kwa sababu ya mchwa, miguu ya meza inayobeba vyungu isimame kwenye makopo yenye oili chafu.