Probayotiki: si kila kilichochachuka

Probayotiki ni vijidudu hai ambavyo mtu akivila kwa kiasi cha kutosha vinamletea faida ya kiafya. Ndivyo wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO) walivyokubaliana mwaka 2001. Maelezo ni mafupi, lakini yana masharti matatu: viwe hai, viwe vingi vya kutosha, na faida yake iwe imethibitishwa. Likikosekana sharti moja, jina hilo halifai.

Chukua togwa. Uji wa mahindi ukishapikwa huachwa upoe hadi uwe vuguvugu, ndipo hutiwa unga wa kimea cha ulezi na kufunikwa usiku kucha. Asubuhi umekuwa mwepesi, una uchachu na povu kidogo juu. Hiyo ni kazi ya bakteria wa asidi ya laktiki, na anayekunywa togwa hivyo hivyo anawameza wakiwa hai. Irudishe jikoni ichemke, wote wanakufa, uchachu unabaki. Tena togwa ya nyumba hii si ya nyumba ile, kwa kuwa bakteria wake hawajulikani ni wa ukoo gani wala ni wangapi. Kwa hiyo kitaalamu togwa ni chakula kilichochachushwa, si probayotiki. Sisemi hivi kuidharau: ni chakula kizuri, na asidi yake inazuia vijidudu vingi vya kuharisha visizaliane.

Jambo la ukoo ndilo watu wengi hawaambiwi. Ukiona kwenye kopo limeandikwa jina la bakteria Lactobacillus rhamnosus peke yake, ni sawa na kuambiwa "ng'ombe". Borani ni ng'ombe na frizia ni ng'ombe, lakini ndoo ya maziwa haijai sawa. Herufi na namba zinazofuata, kama GG au GR-1, ndizo zinazotaja ukoo, na utafiti uliofanywa kwa ukoo mmoja hauwezi kuazimwa na mwingine. Jijini Mwanza, kikundi cha akina mama cha Tukwamuane kilianza mwaka 2004 kutengeneza mtindi wenye GR-1, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada. Ule ulikuwa mtindi unaojulikana ndani yake kuna nani.

Matumizi yenye ushahidi mzuri zaidi ni kupunguza kuharisha kunakoletwa na antibayotiki. Dawa hizo huua bakteria wa ugonjwa pamoja na wale wema wa utumbo. Hapo husaidia GG, na pia Saccharomyces boulardii, ambayo ni jamii ya hamira, kwa hiyo antibayotiki haziiui. Henri Boulard, Mfaransa, aliipata miaka ya 1920 huko Indochina, kwenye maganda ya matunda ambayo wenyeji waliyatumia dhidi ya kuharisha. Bakteria wa mtindi nao huwasaidia watu ambao tumbo lao halipokei sukari ya maziwa.

Mtoto anayeharisha apewe kwanza maji ya ORS na zinki. Probayotiki haichukui nafasi yake.

Ukinunua kopo, soma jina kamili pamoja na ukoo, idadi ya vijidudu hai hadi siku ya mwisho wa matumizi, na kama linatakiwa kukaa kwenye friji. Kwa mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka sana, au mtoto njiti, usimpe chochote kabla daktari hajasema: kwao vijidudu hivi hivi vinaweza kuingia kwenye damu.