Kushukuru si kumaliza sahani

Shangazi yangu ana kisukari. Siku moja tulialikwa kula, akamaliza sahani yake, na mwenyeji alipokuja na upawa kumwongezea akaifunika sahani kwa kiganja. "Asante dada, nimetosheka." Mwenyeji akatabasamu, akasema: "Mwenye shukrani hakatai chakula." Meza nzima ikaitikia. Shangazi akaondoa mkono, akaongezewa, akala huku ameinama. Mimi nilikaa kimya, na bado linaniuma.

Tangu hapo nimelisikia neno hilo la shukrani likitumiwa vibaya mara nyingi mno. Mtoto aliyeshiba anaambiwa ashukuru na amalize. Mgonjwa anayeulizia lishe yake anaambiwa ashukuru tu kwa kilichopo. Na sasa hata washauri wa afya wanaliuza kama dawa: shukuru kila asubuhi, mwili utajirekebisha wenyewe.

Shukrani ni kutambua kwamba umepata jema, kwamba jema hilo limetoka kwa mwingine, na kuuonyesha utambuzi huo. Kwenye mlo, maana yake ni kutua kidogo kabla ya kula, kukumbuka mikono iliyolima, iliyobeba na iliyopika, kisha kula kama mtu anayejua thamani ya kilicho mbele yake. Hapo ndipo maana inapokwisha. Tabu iko kwenye maneno jirani tunayoyachanganya nalo.

Kwanza asili yake, kwa sababu asili hiyo yenyewe inahusu kula. Shukrani na kushukuru vimetoka kwenye Kiarabu, mzizi wa *shukr*. Wataalamu wa kale wa msamiati wa lugha hiyo wanaeleza kwamba mnyama anayenenepa kwa malisho machache huitwa *shakur*. Unono wake unamtangaza mlishaji: ukimwona tu, unajua anatunzwa. Wema alioupokea haukupotea ndani yake, umejitokeza nje. Na tusilipite neno *machache*. Mnyama huyo hasifiwi kwa kula sana, wala kwa kumaliza chote alichotupiwa. Anasifiwa kwa sababu kidogo alichokula kimeonekana mwilini mwake. Ningependa mwenyeji wetu angelijua hilo siku ile.

Kinyume chake kinatusaidia pia. Kufuru, tunayoisikia kila chakula kinapobaki, imetoka kwenye mzizi wenye maana ya kufunika. Kwa Kiarabu hata mkulima huweza kuitwa kwa neno la mzizi huo, kwa kuwa anaifunika mbegu udongoni. Asiyeshukuru, basi, ni yule anayeufunika wema aliotendewa, anayeishi kana kwamba hakupewa kitu. Shangazi alifunika sahani. Wema wa mwenyeji hakuufunika, maana neno lake la kwanza lilikuwa asante.

Na asante nayo ina ukoo wake. Ni *ahsanta*, yaani "umetenda vyema". Ni kauli inayomsifu mtendaji kwa alichokitenda, na haina ndani yake ahadi ya kupokea zaidi. Mtu anaweza kusema asante na kukataa kwa pumzi moja, na lugha haioni mgongano wowote hapo.

Sasa maneno jirani. Tuna kushukuru, kuridhika na kukinai, na watu wanayatumia kana kwamba ni neno moja lenye nguo tatu. Sarufi inayatenganisha vizuri kuliko mawaidha. Kushukuru kunadai yambwa, yaani mtendewa: na*m*shukuru, na*ku*shukuru, na*wa*shukuru*ni* nyote. Lazima kuwe na mtu upande wa pili, awe mpishi, mkulima, mzazi au Mungu. Kuridhika hakudai mtu: nimeridhika, basi, ni hali ya moyo wangu mimi na kilicho mbele yangu. Kukinai kunashuka chini zaidi, hadi tumboni: nimekinai, sina haja tena. Ukilazimishwa kupita hapo, chakula kinakukinaisha, yaani kinakuchosha na kukuchafua roho hata kama ni kitamu. Lugha yenyewe ilishaona kwamba kutosheka kuna mpaka, na kwamba kuuvuka kuna adhabu yake.

Kwa hiyo mtu anaweza kushukuru bila kuridhika. Mwenye mlo mdogo anaweza kumshukuru kwa dhati aliyempa, na bado akajua kwamba hautoshi, na akawa na haki ya kusema hautoshi. Mwingine anaweza kukinai bila kushukuru kabisa. Huyo tunamwona kila siku, anakula macho yakiwa kwenye simu, anasukuma sahani na kuondoka. Na shangazi alikuwa amekinai na ameshukuru kwa wakati mmoja, jambo ambalo ndilo bora kuliko yote.

Nadhani kosa lilianza tulipoanza kuiangusha yambwa. "Mshukuru aliyekupikia" ikawa "shukuru", kisha "shukuru" ikawa "shukuru tu". Hiyo *tu* ndiyo iliyoharibu. "Shukuru tu" haina mtu wa kushukuriwa tena. Imebaki kuwa njia ya adabu ya kumwambia mtu anyamaze.

Wapo wanaosema chakula kisipotee, na hapo nakubaliana nao kwa moyo wote. Lakini dawa ya upotevu iko mwanzoni, kwenye kupakua kidogo na kuhifadhi kinachobaki. Chakula kilichoingia kwenye tumbo lisilokihitaji hakijaokolewa. Kwa mwenye kisukari kimegeuka kuwa mzigo, na atakayeubeba ni yeye, mwenyeji akiwa ameshalala.

Kuhusu afya, upo ukweli wa kusemwa, ila wa kiasi. Mwaka 2003 watafiti Robert Emmons na Michael McCullough wa Marekani waliwapa wanafunzi wa chuo kazi ya kuandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, hadi mambo 5. Walioandika mambo ya kushukuru waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi, walilalamikia maumivu machache ya mwili na walisema wanafanya mazoezi zaidi kuliko walioandika kero zao. Mwaka 2019 timu ya Megan Fritz na Sonja Lyubomirsky ilitoa utafiti ambao vijana walioandika barua za shukrani kila wiki walieleza kwamba ulaji wao umekuwa bora zaidi. Ni matokeo ya kutia moyo. Ila ni watu walivyojieleza wenyewe, na hakuna hapo insulini iliyoachwa wala shinikizo la damu lililotibiwa kwa barua.

Njia moja iliyo wazi ya shukrani kuusaidia mwili ni ya kawaida kabisa. Taarifa ya shibe huchukua muda, kwa kawaida kama dakika 20, kutoka tumboni na kwenye utumbo hadi ubongoni, kwa njia ya neva na homoni. Anayetua kabla ya kula, anayeutazama mlo na kuuonja, anaipa taarifa hiyo nafasi ya kufika. Shukrani ya namna hiyo humfanya mtu aisikie shibe yake. Ile ya kulazimishwa humfundisha kuipuuza, na mtoto aliyefundishwa hivyo huenda akaishi miaka mingi bila kujua anakula kwa njaa au kwa hofu ya kuonekana mkosefu.

Mwenyeji wetu ni mtu mwema, na sidhani alitaka kumdhuru mtu. Alichotaka kusema, naamini, ni "nisingependa utoke kwangu na njaa". Jambo hilo lina jina lake, ni ukarimu, na ukarimu unaweza kuambiwa "nimetosheka" ukaamini. Kwa mtoto ni vivyo hivyo: ukitaka amalize, mwambie "maliza", ni neno halali na analielewa. Ukitaka ashukuru, mrudishie yambwa yake. Mwonyeshe aliyepika, mwache amtazame usoni na kumwambia asante, hata kama kuna tonge mbili zimebaki.