Samani za kale za Marekani: piga hesabu, kisha igeuze droo

Nyundo ya mnada ikigonga kwenye dola 1,500, mnunuzi halipi 1,500 wala muuzaji hapokei 1,500. Kampuni ya mnada hukata kotekote, na kwenye samani za bei ya kati makato hayo mara nyingi ndiyo yanayomeza faida yote.

Chukua kabati la droo nne, la mahogani, linalodaiwa kutengenezwa Massachusetts karibu 1800. Tuseme ada ya mnunuzi, ile anayoongezewa juu ya bei ya nyundo, ni 25%, anayeweka dau kwa intaneti anaongezewa 5%, na kodi ya mauzo ya jimbo, 6.25%, inatozwa juu ya jumla hiyo. Kila dola ya nyundo inakutoka kama 1.38. Kwa hiyo anzia mwisho urudi nyuma. Kama umeamua kabati lisikugharimu zaidi ya 2,500 likiwa tayari dukani, na usafiri ni 400, zinabaki 2,100. Gawanya kwa 1.38 upate kama 1,520. Dau lako la mwisho ni 1,500. Liandike kabla mnada haujaanza, kwa sababu watu wawili wakishaanza kupandishiana hakuna anayepiga hesabu. Mwenye cheti cha kununulia bidhaa za kuuza tena husamehewa kodi, mradi akiwasilishe kabla ya ankara kutoka.

Siku ya ukaguzi, kabla ya mnada, ndiyo kazi yenyewe. Sura ya mbele mimi huiacha hadi mwisho, maana ndiyo kila mrekebishaji huishughulikia kwanza. Toa droo, igeuze, mulika tochi kwa ubavu. Mbao za ndani za kabati la Massachusetts hutarajiwa kuwa msonobari mweupe. Mafundi wa Philadelphia walitumia sana popla na mwerezi mweupe, wa Newport popla na chesnati. Alama za msumeno zilizonyooka hazina neno. Zilizopinda kama kipande cha duara ni za msumeno wa duara, ambao huutarajii kwenye samani za kabla ya takriban 1830. Zikiwa kwenye droo moja tu, huenda ubao ulibadilishwa. Zikiwa kila mahali, hilo si kabati la 1800.

Kisha tazama meno yanayoshikanisha pembe za droo. Yaliyokatwa kwa mkono hayalingani: moja nene, jingine jembamba, na ule mstari mwembamba ambao fundi aliukwaruza kwa chuma ili ajue pa kuishia bado unaonekana. Linganisha droo zote nne. Tatu zikifanana na ya nne ikiwa na mkono mwingine, uliza kwa nini. Meno yenye umbo la nusu duara na kijiti cha mviringo katikati ni ya mashine iliyotokana na hataza ya Charles Knapp ya 1867, hivyo hata mjadala hakuna. Skrubu yenye ncha kali nayo ni ya katikati ya karne ya 19 na kuendelea, ila skrubu hubadilishwa kirahisi; peke yake haihukumu kabati.

Hesabu matundu ya vishikio kwa upande wa ndani. Yakizidi yanayotumika, vishikio si vya asili. Miguu ichunguze zaidi ya kitu kingine chochote, kwani ndiyo huvunjika na kuoza kwa unyevu wa sakafu. Mbao za ndani zikiwa zimepakwa rangi ya kahawia, jiulize mpakaji alikuwa anaficha nini; mbao tupu hukolea zenyewe kwa hewa, na pale zilipofunikwa hubaki nyepesi. Makabati ya sehemu mbili, ya juu na ya chini, yana mtego wake: huenda kila nusu ilitoka nyumba yake. Linganisha mbao za mgongoni na meno ya droo za juu na za chini.

Katalogi isome kama mkataba. Samani ikiitwa "Chippendale", mtindo wa karne ya 18, pamoja na mwaka, kampuni inadai ni ya enzi hizo. Ikiitwa "mtindo wa Chippendale", imetengenezwa baadaye. Kwenye michoro, "imesainiwa" ni maoni kwamba msanii mwenyewe ndiye aliyesaini, na "ina saini" ni tahadhari kwamba huenda aliyeiandika ni mtu mwingine. Ripoti ya hali ikikaa kimya kuhusu miguu, usidhani ni mizima. Omba picha za chini yake.

Maonyesho ya kuuza vitu vya kale hayana ada ya mnunuzi. Brimfield, Massachusetts, hufanyika Mei, Julai na Septemba katika viwanja vingi kando ya barabara namba 20, na kila kiwanja kina siku na saa yake ya kufungua, hivyo panga ratiba mapema. Muulize muuzaji kistaarabu bei yake ya mwisho, mara moja tu. Dai risiti inayotaja umri, mahali ilikotengenezwa na matengenezo yote. Bila hayo una neno la mdomo tu.

Kuna jambo moja linalogusa pwani yetu. Pembe nyingi za ndovu zilizopita Unguja karne ya 19 ziliishia Ivoryton na Deep River, Connecticut, zikachanwa kuwa vibao vya kubonyeza vya piano. Tangu Julai 2016 kanuni za shirikisho zimebana sana biashara ya pembe za ndovu wa Afrika, na New York, New Jersey na California zina sheria zao kali. Kitu chochote chenye pembe, hata kitufe, kitafutie nyaraka kabla ya kukinunua.

Ukiwa muuzaji, jadili kamisheni, ada ya picha, bima, na malipo ya kitu kisichouzika, yote kwa maandishi. Bei ya siri ya chini, ile ambayo kitu hakiuzwi chini yake, usiiweke juu: kitu kikikosa mnunuzi, matokeo hubaki mtandaoni, na wafanyabiashara huyasoma. Kipumzishe miezi kadhaa, kisha kipeleke kwingine kwa makadirio ya chini zaidi.