Konokono wa majaruba: maswali ninayoulizwa Usangu

Ukipita Rujewa au Igurusi, kwenye bonde la Usangu mkoani Mbeya, wakati wa kupandikiza mpunga, utakuta watu wameinama majarubani tangu alfajiri, maji yakiwafika chini kidogo ya magoti. Humo humo ndimo anamoishi konokono. Kila ninapokwenda kuzungumzia kichocho, ugonjwa wa minyoo inayopitia kwa konokono wa majini, maswali juu ya konokono huwa mengi kuliko ya ugonjwa wenyewe. Haya ndiyo yanayojirudia.

Konokono ni mdudu, au ni aina ya mnyoo?

Si mdudu wala si mnyoo. Ni moluska, yaani mnyama wa mwili laini asiye na mfupa hata mmoja. Ukoo huu una spishi zaidi ya 70,000 zinazojulikana, na ndani yake wamo koa wa bustanini, chaza, kome, hata pweza na ngisi wa pwani. Watu wa huku bara hucheka nikiwaambia pweza ni jamaa wa konokono, lakini ndivyo ilivyo. Wote wana ngozi maalumu iitwayo vazi, inayofunika viungo vya ndani. Kwa konokono, vazi ndilo linalojenga gamba kwa chokaa. Pweza yeye gamba kaliacha, akabaki na mikono 8 na mioyo 3. Kome kaenda njia nyingine: hana kichwa kabisa.

Ukitaka kumwona vizuri, mchukue konokono wa nchi kavu kwenye kabichi, mweke juu ya kioo, halafu mtazame kwa chini. Utaona mawimbi madogo yakipita kwenye mguu wake mmoja mpana, ndivyo anavyotembea. Mdomoni ana ulimi kama msasa, wenye safu na safu za meno madogo mno. Huo ndio unaoacha matundu kwenye spinachi yako.

Nilimponda konokono wa mferejini akatoka damu nyekundu. Kumbe ananyonya watu?

Hapana. Hiyo ni damu yake mwenyewe. Moluska wengi damu yao ina madini ya shaba, kwa hiyo huwa na rangi ya samawati hafifu. Ila konokono aitwaye Biomphalaria ana himoglobini kama sisi, ndiyo maana damu yake ni nyekundu. Chakula chake ni ukoga na majani yanayooza.

Nitamtambuaje anayebeba kichocho?

Wapo wa aina mbili, wote wadogo, kama ukucha wa kidole. Biomphalaria ni bapa, kajizungusha kama ngata ya kubebea ndoo. Huyu hubeba kichocho cha tumbo. Bulinus ana ncha. Ukilishika gamba lake ncha ikiwa juu na mlango ukikutazama, mlango unakuwa upande wako wa kushoto. Yeye hubeba kichocho cha mkojo.

Lakini gamba halikuambii kama ndani mna vimelea. Na tafadhali usiwaokote kwa mkono mtupu ili kujaribu haya niliyoandika.

Basi akinigusa ananiambukiza?

Konokono hana sumu wala haumi. Kwa kweli naye ni mgonjwa, na aliyemwambukiza ni sisi.

Mtu mwenye kichocho anapokojoa au kujisaidia karibu na maji, mayai ya minyoo huingia majini na kuanguliwa. Kinachotoka humo kina siku moja tu, au pungufu, kumpata konokono wa aina yake, kisipompata kinakufa. Kikimpata, kinazaliana ndani yake kwa wiki 4 hadi 6, kisha konokono huanza kumwaga majini vijidudu vyenye mkia wa panda. Kimelea kimoja kilichoingia kinaweza kutoa maelfu. Hivyo ndivyo vinavyopenya ngozi yako, tena kwa dakika chache, bila kidonda wala mchubuko. Mtafiti Mwingereza Robert Leiper ndiye aliyeithibitisha njia hii ya konokono huko Misri mwaka 1915. Minyoo yenyewe daktari Mjerumani Theodor Bilharz alikuwa ameiona Cairo tangu 1851.

Vijidudu hivyo hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kama saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Ukiwahi jarubani na kutoka mapema unapunguza hatari, ingawa huimalizi. Gambuti husaidia, japo najua zinavyonasa kwenye tope la Usangu. Maji ya kuoga ukiyateka na kuyaacha siku 2 kwenye chombo kisicho na konokono, vijidudu hufa vyenyewe.

Sisi wa Mbeya mjini na Makete, kwenye baridi, yanatuhusu?

Baridi huchelewesha vimelea kukua ndani ya konokono, hiyo ni kweli. Lakini wangapi wanaishi Uyole na shamba liko Usangu? Wangapi huteremka Kyela wakaogelea Ziwa Nyasa?

Tumwage mrututu mferejini?

Msifanye hivyo. Mrututu unaua konokono, na samaki pia. Halafu konokono waliojifukia kwenye tope huweza kukaa miezi bila maji, na wengi wao wana uume na uke katika mwili mmoja, kwa hiyo hata akibaki mmoja anaweza kuanzisha ukoo upya. Bata hula konokono, wafugeni, ila msiwategemee wao peke yao. Ningekuwa na fedha ya kitu kimoja tu, ningechimba choo karibu na majaruba.

Dawa ya kichocho ya shuleni inawapa watoto kizunguzungu. Ni salama?

Ni salama. Inaitwa prazikwanteli. Mtoto husimamishwa kwenye ule ubao wenye alama, na urefu wake ndio unaosema ameze vidonge vingapi. Kizunguzungu, kichefuchefu na tumbo kuuma hupita baada ya saa chache, na huwa nafuu akiwa amekula. Mwenye minyoo mingi ndiye anayesumbuka zaidi. Haiui minyoo michanga, wala si chanjo: akirudi kwenye maji yale yale anaambukizwa tena.

Nina maumivu na damu sehemu za siri. Nimetibiwa magonjwa ya zinaa mara mbili, sijapona.

Aliyeuliza hili alinivuta pembeni. Mayai ya kichocho cha mkojo hunasa pia kwenye shingo ya kizazi na ukeni, yakaleta vidonda, maumivu wakati wa tendo, hata ugumba. Si lazima mkojo uwe na damu. Dada, ukifika kituoni sema wazi kwamba umelima mpunga au umekulia kando ya maji, maana usiposema huenda nesi asikiwazie kichocho. Na mume asiitwe mzinzi kabla ya vipimo.

Maini ya ng'ombe yenye minyoo kama majani, yakipikwa yana madhara?

Hiyo ni minyoo bapa ya ini, na konokono wake ni mwingine, mwenye mlango upande wa kulia. Mkaguzi wa nyama akiyaona maini hayo huyatupa. Lakini wewe huambukizwi kwa kula maini. Vimelea vikitoka kwa konokono hujibandika kwenye majani yaliyo majini, ng'ombe akala, na mtu vilevile. Kwa hiyo maini yaliyokaguliwa pika kula. Mboga uliyochuma kando ya mfereji ndiyo isiliwe mbichi.